Sekunde 0.2 za Argentiera: majibu kwa maswali yenu

Tangu niitaje hapa rali ya Sardinia ya 2024, maswali hayajakoma. Kwa ambaye hakuifuata: ni raundi ya Mbio za Magari za Ubingwa wa Dunia, WRC, inayokimbiwa kwenye barabara za changarawe za kisiwa cha Sardinia, Italia. Mwaka huo kambi ilikuwa mji wa Alghero. Ilianza Ijumaa tarehe 31 Mei, ikaisha Jumapili tarehe 2 Juni. Hatua 16, yaani vipande vya barabara iliyofungwa vinavyopimwa kwa saa, jumla ya kilomita 266 za mbio zenyewe. Ott Tänak wa Estonia, ndani ya Hyundai, alimshinda Mfaransa Sébastien Ogier wa Toyota kwa sekunde 0.2, na Ogier ndiye aliyekuwa akiongoza walipoingia hatua ya mwisho, ile ya Argentiera. Nimechukua maswali yaliyonigusa zaidi. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Hivi sekunde 0.2 inapimwaje huko porini? Mwenye saa akichelewa kubonyeza, si anampa mtu ushindi usio wake? (Msomaji, Eldoret)

Hakuna anayebonyeza, ndugu yangu. Mwisho wa hatua kuna mwale usioonekana kwa macho unaopita kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi wa pili. Pua ya gari ikiukata, saa inajiandika yenyewe. Gari hupita pale na kasi yake yote, bila kupunguza. Kituo cha kusimama kiko mbele zaidi, na hapo ndipo msoma ramani, yule anayekaa pembeni ya dereva, hutoa kadi ya muda dirishani ili wasimamizi waijaze. Mwanzoni nako kuna taa za kuhesabu sekunde, pamoja na kifaa cha kumnasa anayetoka kabla ya wakati. Kosa la kwanza la namna hiyo linakugharimu sekunde 10. Muda wa kila hatua huandikwa mpaka sehemu ya kumi ya sekunde, kisha hatua zote zinajumlishwa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba madereva hawa hawakukimbia bega kwa bega hata mara moja. Kila gari hutoka peke yake, dakika kadhaa baada ya lililotangulia. Unashindana na saa, na mpinzani wako humwoni mpaka kituoni.

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita mita tano na nusu ndani ya sekunde 0.2. Ni urefu wa gari moja na kidogo juu yake. Sasa gawanya hiyo sekunde 0.2 kwa kilomita 266: unapata chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kwa kila kilomita. Mara ya kwanza nilipoipiga hesabu hiyo niliirudia, nikidhani nimeikosea desimali.

Ogier alikuwa anaongoza, tairi likapata pancha, Tänak akaokota ushindi. Mnamsifia kwa lipi? Hiyo ni bahati tu. (Msomaji, Dar es Salaam)

Kaka, hasira yako naielewa, na wapo wengi walioandika kama wewe. Lakini hapa nakataa kabisa.

Jumamosi jioni Ogier alilala akiwa mbele kwa sekunde 17 hivi. Jumapili zilibaki hatua nne tu, zote fupi. Dereva mwingine angetosheka na nafasi ya pili, arudishe gari zima nyumbani. Tänak hakutosheka. Asubuhi ile alilitafuna pengo kidogo kidogo, hatua baada ya hatua, mpaka wakafika kwenye mstari wa kutoka wa hatua ya mwisho likiwa limebaki sekunde 6.2. Ndipo ikaja pancha. Ndani ya kilomita zisizozidi 8, Ogier alipoteza sekunde 6.4 kwa Tänak, na hesabu ikageuka.

Hebu sasa turudishe nyuma mkanda. Tuseme Tänak alikata tamaa Jumamosi usiku na zile 17 zikabaki 17. Pancha ileile, mahali palepale, ingemgharimu Ogier sekunde zilezile sita na ushei, naye angefika mwisho akiwa na akiba ya sekunde 10. Leo tungekuwa tunasimulia jinsi bingwa alivyofika na tairi bovu na bado akashinda. Pancha iliweza kumwangusha kwa sababu mwenzake alikuwa amekwisha kumsogelea. Kazi ilifanyika asubuhi, watu wakiwa bado wanakunywa kahawa. Mchana tuliona matokeo yake.

Tena barabara hiyo ina historia. Hatua inaitwa Sassari–Argentiera. Argentiera ni kijiji cha machimbo ya zamani ya fedha, pembeni kabisa mwa bahari, kaskazini magharibi mwa kisiwa. Mwaka 2018 rali ilimalizikia hukohuko, na Ogier huyuhuyu, wakati huo akiendesha Ford, alinyang'anywa ushindi na Mbelgiji Thierry Neuville kwa sekunde 0.7. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Tänak. Alikuwa Toyota, anaongoza kwa zaidi ya sekunde 26, na imebaki hatua hiyo moja. Usukani ukamgomea. Akamaliza wa tano, na ushindi ukaenda kwa Mhispania Dani Sordo. Tänak aliubeba ubingwa wa dunia mwaka huohuo, lakini siku ile ilimuuma, ilionekana usoni mwake.

Mtu aliyewahi kuachia sekunde 26 ndani ya kilomita saba anajua kwa mwili wake kwamba sekunde sita nazo zinaweza kuachiwa na mwingine. Hakuhitaji kuambiwa na fundi wala bosi wa timu kwamba bado kuna kitu cha kupigania. Na unajua nani alikuwa wa tatu mwaka 2024? Sordo. Watu watatu waliopanda jukwaani Alghero, na kila mmoja wao barabara ya Argentiera ilikuwa imeshampa kitu au kumnyang'anya.

Mbona Ogier hakusimama abadilishe tairi? Spea si wanabeba? (Msomaji, Mombasa)

Wanabeba, moja au mbili, kwa hiari yao, kwa sababu spea ya pili ni uzito wa ziada. Ila kubadilisha tairi katikati ya hatua huchukua dakika moja na nusu hadi mbili kwa watu wenye mikono myepesi. Hatua ikiwa na kilomita saba, huna pa kuzirudisha dakika hizo. Ogier aliendelea na tairi bovu akapoteza sekunde sita. Alifanya sawa. Kwenye hatua ya kilomita 30, pancha ikikupata mwanzoni, hesabu inabadilika: ukiendelea, rimu inaliwa, tairi linachanika vipande na kupiga bodi, na unaweza kung'oa hata mipira ya breki.

Hizo dakika mbili zao huwa nazitazama kwa heshima kubwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupata pancha kwenye barabara ya moramu, mchana, gari limesimama sawasawa, hakuna anayenikimbiza. Nati ya mwisho ilikataa kulegea mpaka nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili. Nilitumia zaidi ya nusu saa. Wenzetu wanaruka nje na helmeti kichwani, mmoja na jeki, mwingine na bunduki ya kufungulia nati, rimu bado inaunguza vidole, na mkanda wa kiti unapaswa kufungwa upya kabla ya kuondoka.

Watangazaji wanasema fulani "anafagia barabara". Anafagia nini? Na kwa nini iwe lawama? (Msomaji, Kigoma)

Swali hili ndilo moyo wa rali za changarawe, nami nitalijibu kwa urefu.

Barabara ya changarawe ina tabaka mbili. Chini kuna ardhi ngumu, na Sardinia mara nyingi ni mwamba kabisa. Juu yake kumelala mchanga na vijiwe vilivyolegea. Gari la kwanza likiingia, matairi yake hayagusi ile ardhi ngumu; yanaelea juu ya vijiwe kama mtu anayekimbia juu ya punje za mahindi zilizomwagika sakafuni. Dereva akipiga breki, gari linaserereka. Akikanyaga mafuta akitoka kwenye kona, magurudumu yanazunguka bure. Kila anapopita anasukuma vijiwe pembeni, na wa pili anakuta njia mbili safi zaidi kidogo, wa tatu safi zaidi, hivyo hivyo mpaka wa kumi. Huyo wa kwanza amewafagilia wenzake, kwa gharama ya sekunde zake mwenyewe.

Siku ya kwanza magari hutoka kwa kufuata msimamo wa ubingwa, anayeongoza akiwa wa kwanza. Kwa hiyo Ijumaa ile ya Sardinia fagio lilikuwa mkononi mwa Neuville. Ogier, ambaye hakukimbia raundi zote za msimu, alikuwa chini yake kwenye msimamo, akatoka baada yake na kukuta barabara imeshafagiwa kiasi. Jumamosi na Jumapili utaratibu unageuka: anayeongoza rali hutoka mwisho kati ya magari ya daraja la juu. Wengine huona huo ni upendeleo. Mimi naona ni njia ya kuwazuia madereva wasijipunguze kasi kwa makusudi jioni ili kesho wapate nafasi nzuri ya kutoka, mchezo ambao zamani ulichezwa wazi wazi.

Lakini kutoka mwisho nako kuna bei yake, na bei hiyo niliishika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikwenda kutazama Safari Rally, raundi ya Kenya, kule Elmenteita, kwenye hatua inayopita chini ya kile kilima kinachofanana na shujaa aliyelala. Jioni, magari yamekwisha kupita mara mbili na barabara imefunguliwa, nikashuka kwenye kona moja ya kushoto. Upande wa ndani, pale kila dereva alipoikata kona, kulikuwa na mfereji wa gurudumu. Nikaingiza mkono, ulizama mpaka kifundo. Chini kabisa mwa mfereji nikapapasa kitu, nikakivuta: jiwe jeusi la volkano, ukubwa wa ngumi, ukingo wake mkali kiasi kwamba ulinichana kidole gumba bila mimi kuhisi. Asubuhi jiwe hilo lilikuwa limefunikwa na udongo, halimdhuru mtu. Magari ndiyo yaliyolifukua, moja baada ya jingine. Pale jirani, Kariandusi, watu wa kale walitengeneza mashoka kwa jiwe la aina hiyo. Sasa fikiria tairi linakutana nalo kwa kilomita 120 kwa saa.

Kwa hiyo anayetoka mbele anapambana na utelezi, na anayetoka nyuma anapambana na mawe yaliyofukuliwa na wenzake. Hatua ya mwisho ya Sardinia ilikuwa ikikimbiwa kwa mara ya pili siku hiyo, na Ogier ndiye aliyekuwa mbele kwenye rali. Nadhani sasa unaiona ile pancha kwa jicho jingine.

Hapa Muscat wenzangu wanasema Ogier alishawahi kushinda kwa tofauti hiyohiyo kwenye nchi ya Kiarabu. Ni kweli? (Msomaji, Muscat)

Ni kweli tupu, dada yangu, nao wanastahili kikombe cha kahawa kutoka kwako. Ilikuwa Jordan, Aprili 2011. Meli iliyobeba vifaa vya timu ilichelewa kufika, siku nzima ya kwanza ikafutwa, na rali ikabaki siku mbili. Hatua zilikuwa bondeni karibu na Bahari ya Chumvi, mahali ambapo barabara iko mamia ya mita chini ya usawa wa bahari. Ogier alikuwa kijana wa Citroën, bado hajawa bingwa. Mpinzani wake alikuwa Mfini Jari-Matti Latvala, wa Ford. Latvala aliingia hatua ya mwisho akiwa mbele kwa chembe tu. Akatoka akiwa nyuma kwa sekunde 0.2. Mpaka Tänak alipoifikia rekodi hiyo Sardinia, ukiacha sare moja ya zamani nitakayoitaja chini, hapakuwa na rali ya WRC iliyoamuliwa kwa pengo dogo zaidi. Iliyokuwa ikishikilia rekodi kabla ya Jordan ni ile ya New Zealand mwaka 2007, Marcus Grönholm alipomshinda Sébastien Loeb kwa sekunde 0.3, nayo pia ilikuwa ya changarawe.

Kuna jambo moja kuhusu Jordan ambalo hunijia kila nikiitazama picha ya Alghero. Mwaka 2024 mkuu wa timu ya Toyota, yaani bosi wa Ogier, alikuwa Latvala. Yule aliyenyimwa ushindi kwa sekunde 0.2 na Ogier, miaka 13 baadaye ndiye alikuwa bosi wa Ogier huyohuyo aliyenyimwa ushindi kwa sekunde 0.2. Sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine aliyejua kwa hakika Ogier anajisikiaje muda ule.

Nipo kidato cha tatu. Napenda rali lakini sitaki kuendesha, nataka kuwa yule anayekaa pembeni. Kazi yake ni kusoma ramani tu? (Mwanafunzi, Nakuru)

Mwanangu, umechagua kazi ambayo watu wachache huiona. Wengine humwita navigeta, Tanzania wengi husema msoma ramani, ingawa ramani ni sehemu ndogo sana ya anachokisoma.

Kabla ya rali, dereva na msaidizi wake huruhusiwa kupita kila hatua mara mbili, kwa mwendo wa kawaida wa gari la barabarani. Mara ya kwanza dereva anaitaja barabara kama anavyoiona na mwenzake anaandika. Mara ya pili wanasahihisha. Wanachokiandika ni lugha yao wawili. Wengi huzipa kona namba: sita ni kona unayopita bila kuachia mafuta, moja ni ya kukata pembe. Ungekuwa unaisoma kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Mia moja, kulia sita juu ya mwinuko, inaingia kushoto nne inabana, usikate, jiwe ndani." Unayasema hayo huku gari linaruka, huku umeinamisha kichwa kwenye daftari, na lazima neno limfikie dereva sekunde chache kabla ya kona yenyewe. Ukiwahisha, atalisahau. Ukichelewesha, mmekwisha kuingia mtaroni.

Lile neno "usikate" ndilo linalolinda tairi. Martin Järveoja alimsomea Tänak hivyo kwa zaidi ya saa tatu za mbio, kwa Kiestonia. Vincent Landais akamsomea Ogier kwa Kifaransa. Mbali na hapo, msoma ramani ndiye mwenye saa. Kati ya hatua na hatua gari huendeshwa barabarani kama magari mengine, na kila kituo kina dakika yake ya kuripoti. Ukichelewa dakika moja ni adhabu ya sekunde 10. Ukiwahi ni mbaya zaidi: dakika nzima kwa kila dakika uliyowahi. Chukua pengo la 0.2 uliweke pembeni ya adhabu hizo uone uzito wa mtu mwenye kadi mkononi.

Anza sasa. Ukiwa kwenye matatu kwenda shule, chukua daftari uandike kona za njia yako. Siku ya pili fumba macho uzitaje kabla gari halijafika. Nilishafanya hivyo kwa barabara ya nyumbani na sikuzimaliza zote bila kukosea.

Enzi zetu Safari ilikuwa siku nzima na usiku kucha, na watu walipishana kwa saa, si kwa chembe za sekunde. Haya ya leo ni mbio za watoto. (Mzee, Arusha)

Shikamoo, mzee wangu. Nakubaliana nawe kwamba ile Safari ilikuwa mtihani wa aina yake, maelfu ya kilomita, barabara hazijafungwa, mvua za Pasaka zikikuta magari kwenye udongo mweusi. Hakuna rali ya leo inayofika pale kwa urefu, na wala sijaribu kulinganisha.

Ila naomba nikukumbushe mwaka 1973. Ndio mwaka ubingwa wa dunia wa rali ulipoanza, na Safari ilikuwa moja ya raundi zake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa kwenye Datsun 240Z. Msweden Harry Källström alikuwa kwenye Datsun nyingine. Baada ya mwendo wote ule, tope lote, usingizi wote waliokosa, walifika mwisho wakiwa na adhabu sawasawa. Sare! Ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, na Mehta akapewa ushindi, wa kwanza kati ya matano aliyoyapata kwenye Safari. Mengine manne aliyachukua mfululizo, 1979 mpaka 1982.

Kwa hiyo rali ya ubingwa wa dunia iliyobana kuliko ya Jordan na kuliko ya Sardinia ilikimbiwa hapa kwetu, na kizazi chako ndicho kilichosimama kando ya barabara kuitazama. Wakati ule adhabu zilihesabiwa kwa dakika, hivyo hatutajua kamwe nani kati ya wawili wale alikuwa mbele kwa chembe. Kama ulikuwepo, mzee wangu, niandikie ulisimama wapi na uliona nini. Ningeisoma barua hiyo mara mbili.

Nimesikia kwamba Sardinia 2024 aliyeshindwa alipata pointi nyingi za Jumamosi kuliko mshindi. Inawezekanaje? (Msomaji, Kampala)

Inawezekana, kwa sababu msimu huo pointi zilikatwa vipande. Msimamo wa Jumamosi jioni ulitoa pointi 18 kwa wa kwanza na 15 kwa wa pili, mradi wamalize rali Jumapili. Jumapili ilikuwa na 7 zake, na hatua ya mwisho 5 zake. Ogier aliongoza Jumamosi, akachukua 18, na mshindi wa rali akabaki na 15 za siku hiyo. Mimi sikuupenda utaratibu huo hata kidogo. Mtu akishinda rali, ushindi huo ndio uwe kitu kikubwa kuliko vyote. Mwaka 2025 walirudisha pointi 25 kwa mshindi, na 17 kwa wa pili, wakabakiza nyongeza za Jumapili na za hatua ya mwisho.

Ogier alilipa kisasi? (Msomaji, Lubumbashi)

Alilipa. Juni 2025, kisiwa kilekile, kambi ikiwa Olbia, alimshinda Tänak yuleyule kwa sekunde 7.9. Mwishoni mwa mwaka, Saudi Arabia, akatwaa ubingwa wake wa 9 na kumfikia Loeb.

Safari yetu ya sasa inaweza kuamuliwa kwa pengo kama hilo? Na nikija Hell's Gate, kule Naivasha, nisimame wapi nilione? (Msomaji, Thika)

Safari inapenda kuvunja magari kabla haijafikia hapo, lakini iliwahi kukaribia. Mwaka 2023 Ogier alimshinda Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7 tu, wote wa Toyota, na Ogier alifika na gari lililovunjika nyuma. Sekunde 6.7 kwenye barabara za Naivasha ni kama kufumba na kufumbua.

Kuhusu mahali: usisimame upande wa nje wa kona, hata ukiwaona wenzako mia wamejaa pale. Gari likikosa breki huenda nje. Tafuta mwinuko upande wa ndani, nyuma ya utepe wa wasimamizi, mahali unapoona barabara kwa urefu. Kisha chagua alama mbili, tuseme mti wa mgunga kule mbali na jiwe kubwa hapa karibu, na utumie saa ya simu kulipima kila gari kati ya alama hizo. Andika. Utashangaa: magari matano ya kwanza kwa macho yatakuwa sawasawa, na karatasi yako itaonyesha nusu sekunde hapa, sehemu tatu za kumi pale. Tazama pia breki zinapoanza kushikwa. Anayetafuta sekunde huchelewa mita chache kuliko mwenzake, na sauti ya injini inakwambia kabla jicho halijaona.

Fika alfajiri, kabla barabara haijafungwa, maana ikishafungwa hupiti tena. Beba maji na leso ya kufunga pua. Vumbi la pale ni laini kama unga wa sembe, na asubuhi isiyo na upepo linaning'inia juu ya barabara mpaka gari linalofuata linalipasua.